Barua ya wazi: Msiwavishe wazee miwani kabla ya kupima pumzi zao

Kwa: Mganga Mfawidhi, Bodi ya Ushauri ya Hospitali, na Timu ya Uendeshaji wa Huduma za Afya ya Mkoa

Kutoka: Wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi na matabibu wa kliniki ya kifua

YAH: MAZOEZI YA MIWANI YA UHALISIA PEPE KWA WAZEE WENYE MARADHI SUGU YA MAPAFU

Waheshimiwa,

Somo tajwa hapo juu lahusika.

Miezi saba iliyopita hospitali ilipokea seti sita za miwani ya uhalisia pepe (kifaa kinachofunika macho na kumwonyesha mtu mandhari ya kompyuta kana kwamba yumo ndani yake) kutoka kwa wafadhili, na chumba kimoja cha fiziotherapia kikatengwa kwa ajili ya "mazoezi ya kisasa kwa wazee wenye matatizo ya kifua". Tangu wakati huo tumewaandikia barua mbili, tumewasilisha andiko la kurasa nne kwenye kikao cha idara, na tumeomba nafasi ya kuonana nanyi. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala linafanyiwa kazi. Ya pili haijajibiwa. Wazee wanaendelea kuvishwa miwani kila Jumanne na Alhamisi kwa utaratibu uleule tulioulalamikia. Kwa kuwa njia za ndani zimegonga mwamba, tunaandika hadharani, ili wagonjwa na ndugu zao nao wajue tunachoomba kwa niaba yao.

Tuseme mapema: hatuikatai miwani. Mzee aliyechoshwa na kutembea kwenye korido ileile hupata hamu ya kurudi akionyeshwa msitu au ufukwe anapofanya zoezi. Mipango ya mazoezi ya mapafu hufa kwa sababu watu huacha kuja, na chochote kinachowarudisha kina thamani. Tunachokataa ni miwani kukalia kiti cha mpango mzima wa utengamao wa mapafu, yaani vipimo na mazoezi yanayomrudishia mgonjwa uwezo wa kufanya kazi zake, mpango ambao hospitali hii haijawahi kuuanzisha.

Wanaokuja ni akina nani? Wengi wana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, uliotokana na sigara au na miaka mingi ya kupuliza moto wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Wengine walipona kifua kikuu, makovu yakabaki. Wapo waliochimba madini, vumbi la mwamba likaganda kifuani. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.5 vilivyotokana na ugonjwa wa kuziba njia za hewa kwa mwaka 2021 peke yake. Mazoezi hayarudishi pafu lililoharibika. Kazi yake iko kwenye misuli. Anayeogopa kuhema hukaa. Akikaa, mapaja hunyauka. Paja lililonyauka hutoa asidi mapema hata kwa kazi ndogo, na asidi hiyo huudai mwili pumzi zaidi, kwa hiyo anahema kuliko jana na anazidi kukaa. Mazoezi ya miguu yaliyopimwa na kuongezwa kidogo kidogo kwa wiki 6 hadi 12 ndiyo yanayoukata mzunguko huo. Uhakiki wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima ushahidi wa tiba, wa mwaka 2015, uliokusanya majaribio 65 yenye wagonjwa 3,822, uliukuta ushahidi huu imara kiasi kwamba waandishi wake walisema hakuna haja tena ya majaribio ya kulinganisha utengamao wa mapafu na matunzo ya kawaida. Kwa hiyo hatuombi jambo la kubahatisha.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Wazee hawapimwi kabla ya kuanza

Kwa sasa mzee anaandikwa jina na umri, anapimwa presha, anavishwa miwani. Hakuna anayejua anaweza kutembea umbali gani, oksijeni yake inashuka kiasi gani akijikaza, wala kama kinachomhemesha ni mapafu au moyo. Wengi wana faili lililoandikwa "pumu" kwa miaka bila kupuliza hata mara moja kwenye spirometa, mashine inayopima hewa anayotoa mtu na kasi yake. Ugonjwa wa kuziba njia za hewa huthibitishwa pale ambapo hewa inayotoka katika sekunde ya kwanza, ikigawanywa kwa hewa yote iliyotolewa, inabaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa ya kutanua njia za hewa. Spirometa ya hospitali ipo kabatini, imekosa vipande vya mdomoni. Ni vipande vya kutumia mara moja na kutupa, na vinaagizwa kama glavu zinavyoagizwa.

Kipimo cha pili hakihitaji hata umeme: kutembea kwa dakika 6. Varanda inayounganisha wodi na maabara inatosha. Tumeipima kwa futi kamba, inatoa mita 30 zilizonyooka na sakafu yake ni tambarare. Unaweka alama ya utepe kila mita 3, koni kila mwisho, na kiti karibu. Oksijeni na dawa ya kutanua njia za hewa vinakuwa mkononi mwa mtu, visiwe vimefungiwa stoo. Mgonjwa anakaa dakika 10, kisha unaandika oksijeni, mapigo, presha, na kiasi anachohema kwa kipimo cha 0 hadi 10. Aliyepata shambulio la moyo au maumivu ya kifua yasiyotulia ndani ya mwezi mmoja uliopita hafanyi kipimo. Mwenye mapigo zaidi ya 120 akiwa amekaa, au presha inayozidi 180 kwa 100, anaonwa na daktari kwanza.

Maelekezo yanasomwa vilevile kwa kila mtu: "Tembea umbali mrefu kadiri uwezavyo. Ukichoka simama, pumzika, kisha endelea. Saa haisimami." Kila dakika inapoisha mgonjwa anaambiwa maneno yaleyale na si zaidi, maana shangwe za msimamizi zinaongeza mita, na msimamizi mkimya anazipunguza. Msimamizi hatembei mbele wala sambamba na mgonjwa, asije akampangia mwendo. Baada ya mapumziko ya angalau dakika 30 kipimo kinarudiwa, kwa sababu mara ya pili mtu amekwisha kuizoea njia na mara nyingi huenda mbali zaidi. Linaandikwa tokeo kubwa, pamoja na kiwango cha chini kabisa cha oksijeni. Anayefanya kipimo kimoja mwanzoni na kimoja mwishoni mwa mpango, halafu akatangaza kuwa mgonjwa ameendelea, huenda amepima mazoea tu.

Thamani ya kipimo hiki ni kwamba kinatoa dozi. Mzee aliyetembea mita 300 kwa dakika 6 anakwenda mita 50 kwa dakika. Asilimia 80 ya mwendo huo ni mita 40 kwa dakika, yaani mita 400 kwa dakika 10, ambazo ni kuipita varanda yetu kutoka mwisho hadi mwisho takriban mara 13. Hiyo ni dawa unayoweza kuiandika kwenye kadi, kuiongeza wiki ijayo na kuihakiki mwishoni, ambapo ongezeko la takriban mita 30 ndilo linalohesabiwa kuwa na maana kwa mgonjwa. Chumba cha miwani kinaandika "dakika 20". Dakika 20 za nini, kwa uzito gani, kwa nani? Huwezi kumwandikia mtu kidonge kwa kusema "ameze kwa dakika 20".

2. Michezo iliyochaguliwa inachosha mikono, ilhali kazi iko miguuni

Michezo mitatu inayotumika ni kupasua maputo kwa ngumi, kuchuma matunda yaliyo juu ya kichwa, na kudaka mipira. Yote inachezwa kwa mikono iliyonyanyuliwa hewani. Kwa mtu mwenye mapafu mazima haina neno. Kwa mtu ambaye kifua chake kimejaa hewa iliyonasa, misuli ya shingo na mabega siyo ya mikono tu, inamsaidia pia kuvuta pumzi. Ndiyo maana mtamwona mzee aliyebanwa ameinama na kushika magoti au meza: ameegemeza mikono ili misuli ile iwe huru kuinua kifua. Mkimwambia anyanyue mikono, misuli inaondoka kwenye kazi ya pumzi na kwenda kubeba mikono. Kiwambo, yaani msuli mkuu wa pumzi ulio chini ya mapafu, kinabaki peke yake, na kiwambo chenyewe kimeshasukumwa chini na hewa iliyonasa, hakina nguvu ya kutosha. Ndani ya dakika moja au mbili pumzi inakuwa fupi na ya haraka. Hewa haimaliziki kutoka kabla ya nyingine kuingia, kifua kinazidi kujaa, na mzee anahisi anazama. Muuguzi anaandika "mgonjwa ana wasiwasi". Wasiwasi haukutangulia, umeletwa na zoezi.

Mazoezi ya mikono yana nafasi yake, kwa kuwa kuchana nywele, kufua na kutwanga kunawahemesha watu hawa kuliko mengi mengine. Yanaanza na chupa ya maji ya nusu lita kila mkono, ambayo ni nusu kilo, inayoinuliwa hadi usawa wa bega na si juu ya kichwa, mara 8 hadi 12, mgonjwa akitoa pumzi kwa midomo iliyobanwa wakati wa kuinua. Halafu anapumzika mpaka pumzi irudi ilivyokuwa. Akimaliza mizunguko mitatu bila kuhangaika katika siku mbili zinazofuatana, chupa inajazwa mchanga badala ya maji. Lakini uti wa mgongo wa mpango ni miguu: kutembea kwa mwendo uliopimwa, kusimama na kukaa kwenye kiti bila kushika, kupanda na kushuka kipandio cha ngazi, kusimamia vidole vya miguu huku umeshika ukuta.

Kama miwani itatumika, itumike hapo. Mgonjwa akae kwenye baiskeli isiyosogea au aweke miguu kwenye pedali za sakafuni, na mandhari isogee kadiri anavyokanyaga; mikono ibaki imetulia mapajani au kwenye usukani. Bora zaidi kwa wengi wao ni skrini ya televisheni badala ya miwani. Hapa tunaomba msisome ushahidi kwa haraka. Jaribio la Poland lililochapishwa mwaka 2020, lenye wagonjwa 106 na muda wa wiki 2, hutajwa sana kuonyesha kuwa mazoezi ya uhalisia pepe yanawafaa wenye ugonjwa huu. Wagonjwa wale walicheza mbele ya skrini, wakisomwa na kamera, bila miwani usoni. Na wote, hata waliocheza michezo badala ya mazoezi ya kawaida ya ustahimilivu, walikuwa ndani ya mpango kamili wa utengamao wa hospitali. Hakuna aliyepewa mchezo peke yake. Anayelitumia jaribio hilo kutetea chumba chetu analisema jambo ambalo halikufanyika.

3. Oksijeni haionekani mtu akiwa ndani ya miwani

Sifa kuu ya miwani ni kwamba inamsahaulisha mtu kuhema kwake. Ni faida kubwa, na hatari inaingilia mlango huohuo. Mgonjwa wa mapafu hujilinda kwa kusikiliza pumzi yake. Ukimtoa kwenye usikivu huo, lazima mtu mwingine asikilize badala yake. Katika chumba chetu msimamizi mmoja anawaangalia wazee wanne kwa wakati mmoja, na miwani inafunika nusu ya uso.

Oksimita ya kidoleni iliyopo, yaani kibanio kinachopima oksijeni ya damu kwa mwanga, haifai kwa kazi hii jinsi inavyotumiwa. Mgonjwa ameshika kidhibiti mkononi, kidole kimekunjwa na mkono unarushwa. Namba inayoonekana ni ya mtikisiko, si ya damu. Kidole chenye baridi kinadanganya. Piko nyeusi na rangi ya kucha zinazuia mwanga, na akina bibi wetu wengi wanazipaka. Liko pia jambo ambalo kliniki zetu hazilisemi vya kutosha: vifaa hivi huonyesha oksijeni kubwa kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 ulichunguza vipimo ambavyo oksimita ilisoma asilimia 92 hadi 96. Kwa wagonjwa weusi, takriban vipimo 12 katika kila 100 damu yenyewe ilikuwa na oksijeni chini ya asilimia 88. Kwa weupe ni takriban 4. Kwa hiyo 92 kwenye kidole cha mzee wetu isichukuliwe kama ruhusa ya kuendelea kucheza bila kumtazama.

Namna ya kufanya inajulikana. Kipima oksijeni cha kubana ndewe ya sikio, au kidole cha mkono ambao haushiki kitu. Zoezi linasimamishwa kila dakika 2 hadi 3, mkono unatulizwa juu ya paja, namba inasubiriwa itulie na ilingane na mapigo yaliyohesabiwa kwa vidole kwenye kifundo cha mkono, kisha mgonjwa anaulizwa anahema kiasi gani kati ya 0 na 10. Tunalenga 4 hadi 6. Chini ya hapo zoezi ni jepesi mno kumsaidia. Juu ya hapo anapumzishwa. Oksijeni ikishuka chini ya asilimia 88 anasimama, anakaa, anapumua kwa midomo iliyobanwa: anavuta kwa pua hesabu mbili, anatoa taratibu kama anayepooza chai kwa hesabu nne. Isipopanda, anapewa oksijeni kwa kipimo, lengo likiwa 88 hadi 92. Kufungulia mtungi mpaka mwisho kunaweza kumlewesha kwa hewa chafu mgonjwa aliyezoea kuishi na kaboni dayoksaidi nyingi mwilini. Maumivu ya kifua, kuyumba, jasho la ghafla au midomo kubadilika rangi, miwani inavuliwa papo hapo, na hasubiriwi amalize mchezo.

4. Kuanguka, mirija na kichefuchefu

Wazee wanacheza wamesimama, hawaioni sakafu. Wapo wanaotumia oksijeni kwa mrija wa puani. Mkanda wa miwani unapita juu ya masikio na kuuvuta mrija utoke, na sehemu inayolala sakafuni inanasa miguu. Miwani yenyewe ina uzito wa takriban nusu kilo, karibu wote uko mbele, na shingo ya mzee aliyepinda mgongo inauhisi baada ya dakika tano. Mandhari yanayosogea huku mwili umetulia huleta kizunguzungu na kichefuchefu, na kutapika kwa mtu asiye na pumzi ya akiba ni dharura. Wenye kifafa, kizunguzungu cha muda mrefu, kifaa cha kuendesha moyo, au waliopasuliwa jicho karibuni hawaulizwi kabla ya kuvishwa, ingawa maonyo haya yanatolewa na watengenezaji wenyewe.

Kila mtu akae kwenye kiti kizito chenye mikono, kisicho na magurudumu. Kifaa kiwekwe kwenye hali ya kukaa. Mrija wa oksijeni upite nyuma ya mgongo, juu ya bega, na kubandikwa kwenye nguo. Mara ya kwanza dakika 3 hadi 5 tu, mandhari tulivu yasiyokimbia. Umeme ukikatika, kifaa kinaendelea kwa betri yake lakini ruta ya intaneti inazima, na skrini anayotumia msimamizi kuona mgonjwa anaona nini inazima nayo. Hapo zoezi lisitishwe.

5. Chumba kimefungwa, na tuko katika nchi yenye kifua kikuu

Hili ndilo linalotutisha kuliko yote. Kwa kuwa jua likipiga lenzi za miwani linaweza kuunguza skrini, mapazia ya chumba hufungwa muda wote na kiyoyozi kinazungusha hewa ileile. Wanaokaa humo ni watu wanaokohoa, wengi waliwahi kuugua kifua kikuu, na kwa zoezi tunawafanya waheme kwa nguvu. Hakuna makohozi yanayopimwa kabla. Mtu mmoja mwenye ugonjwa uliorudi anatosha kuwaambukiza wenzake watatu ambao mapafu yao hayana pa kuponea, pamoja na mtumishi anayekaa humo asubuhi nzima.

Kila anayejiunga apimwe makohozi kwa mashine ya jenieksipati iliyopo maabara, inayotambua vimelea vya kifua kikuu, na anayeanza kukohoa upya au kupungua uzito apimwe tena. Madirisha ya pande mbili yawe wazi. Miwani isipofaa mahali penye mwanga, basi miwani ipishe hewa; televisheni kwenye varanda yenye kivuli inafanya kazi ileile. Sifongo ya usoni, inayonyonya jasho na mate, ibadilishwe kwa kifuniko cha silikoni kinachopanguswa, na kila mgonjwa awe na kitambaa chake cha kuvaa chini yake. Lenzi zifutwe kwa kitambaa kikavu laini tu. Klorini isitumike karibu na wagonjwa hawa, harufu yake inaweza kubana njia za hewa papo hapo.

6. Kifaa hakizungumzi lugha ya mgonjwa

Maelekezo yote ni ya Kiingereza. Mzee anaelekezwa kutoa pumzi kwa sauti asiyoielewa, anakisia, anabana pumzi. Sentensi zinazohitajika hazifiki 40. Zinaweza kurekodiwa kwa Kiswahili kwa siku moja na mtu mwenye sauti tulivu, na hata kabla ya hapo msimamizi anaweza kuzizima na kuongea mwenyewe.

7. Taarifa zinazopelekwa juu hazisemi kama wazee wamepata nafuu

Zinataja idadi ya waliovaa miwani. Hazitaji mita, oksijeni, waliolazwa, wala walioacha kuja na kwa nini.

Tunajua majibu tutakayopewa, kwa hiyo tuyajibu hapahapa.

Mtasema hakuna fedha za mpango mzima. Vitu tulivyoomba kwenye andiko letu ni koni nne, futi kamba, saa ya kuhesabia, viti vya mikono vyenye kimo cha sentimita 46 hivi, kipandio cha mbao, chupa tupu za maji, oksimita nne zenye kibanio cha sikio, vipande vya mdomoni vya spirometa, na chupa za kumsaidia mgonjwa kuvuta dawa ya pampu hadi kifuani. Hizo za mwisho tunazitengeneza wenyewe: chupa safi ya plastiki ya nusu lita inatobolewa kitako kwa waya uliochomwa moto na kupindwa kwa umbo la mdomo wa pampu ya dawa, ili pampu iingie ikibana bila kuvuja, na mgonjwa anavuta kupitia mdomo wa chupa. Utafiti wa Afrika Kusini wa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu chupa ya namna hiyo ilifanya kazi sawa na kifaa cha dukani. Kampala walikwisha kuendesha mpango wa wiki 6, mara 2 kwa wiki, kwa watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha wagonjwa wakitembea mbali zaidi. Walifanya bila miwani.

Mtasema watumishi hawatoshi. Ni kweli hawatoshi, na miwani imezidisha uhaba huo, kwa kuwa mgonjwa asiyeona anahitaji macho mengi kuliko anayeona. Kwenye varanda mtumishi mmoja na msaidizi wanaweza kuwasimamia wazee sita waliokwisha kupimwa. Kwenye miwani, mmoja kwa wawili ndiyo mwisho.

Mtasema wafadhili walitoa vifaa kwa makubaliano kwamba vitumike. Vitumike. Makubaliano yoyote tuliyoonyeshwa hayakatazi kumpima mgonjwa kwanza, kuchagua mchezo wa miguu, wala kufungua dirisha. Mkiwaandikia wafadhili kwamba wataalamu wameomba wiki nane za mpango uliopimwa, tuko tayari kukaa nao na kueleza sababu moja baada ya nyingine.

Na mtasema wazee wenyewe wanaipenda. Baadhi wanaipenda sana, nasi tunafurahi kwa ajili yao. Lakini hatujasikia rai ya walioacha kuja, kwa sababu hakuna aliyewapigia simu. Tunawaomba mtupe daftari la mahudhurio tuwatafute.

Tunachoomba ni hiki. Miwani isimamishwe kwa wagonjwa wa mapafu kuanzia Jumanne ijayo, mpaka kila mmoja wao awe amepimwa makohozi, spirometa na kutembea kwa dakika 6. Varanda itengwe kwa mazoezi siku mbili kwa wiki, saa mbili hadi saa tano asubuhi, na matoroli ya chakula yapitie njia ya nyuma katika saa hizo. Mtumishi mmoja wa fiziotherapia na muuguzi mmoja wapangiwe kazi hii kwa maandishi, wasiwe wanaitwa wodini katikati ya zoezi. Wagonjwa wa kwanza wawe 12, kwa wiki 8, mara 2 kwa wiki hospitalini na kutembea nyumbani siku nyingine, kadi ya kila mmoja ikiandikwa umbali na kiasi cha kuhema. Miwani au televisheni irudishwe kuanzia wiki ya tatu, kwa wanaoitaka, wakiwa wamekaa, miguu ikifanya kazi. Wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi wanaohudumiwa kupitia dirisha la wazee wasidaiwe malipo ya kipimo chochote kati ya hivi. Mwishoni mwa wiki ya nane tutaleta kwenu mita za kila mgonjwa, kabla na baada, zikiwamo za wale ambao hawakuendelea vizuri.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 14, na kikao kimoja ambacho wawakilishi wawili wa wagonjwa watakaribishwa. Andiko letu la kurasa nne, fomu ya kipimo na kadi ya mgonjwa tumeziambatisha tena, kwa kuwa tuliambiwa nakala za kwanza hazionekani.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wataalamu wa fiziotherapia, wauguzi na matabibu wa kliniki ya kifua

Nakala: Mwenyekiti wa Baraza la Wazee la Mkoa, Mratibu wa Kifua Kikuu na Ukoma wa Mkoa, ubao wa matangazo wa kliniki.